Balbu za LED za wati 9: sebuleni zinawaka vizuri, chooni zinakufa

Jibu nawapa mapema kwa wenye haraka. Hizi balbu za LED za pini, wati 9, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya stima kule Mwembe Tayari, Mombasa, kwa bei isiyofika shilingi mia mbili, ni nzuri zikikaa mahali penye hewa, na ni hasara tupu ukizifungia ndani ya kioo. Nimezitia nyumba nzima, kwa hivyo nazijua tabia zake.

Nyumba yenyewe iko Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, na bahari iko karibu. Sebuleni na vyumbani holda zinaning'inia kwa waya, hazina kifuniko chochote. Huko sina la kulalamika. Mwanga wake unakaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, tokeni zinakaa zaidi, na mamangu anasoma msahafu chini yake bila kusema neno, naye si mtu wa kuridhika upesi.

Balaa ni chooni na barazani. Chooni taa iko ndani ya bakuli la kioo lililokazwa darini kwa skrubu, eti mvuke usiingie. Balbu ya humo ilianza kuzima baada ya kuwaka muda mrefu, ikipoa inawaka tena, halafu usiku mmoja ikazima na haikurudi. Nikaipeleka dukani na boksi lake na risiti. Ya kwanza nilibadilishiwa bila maneno. Ya pili ilipokufa vile vile nikaambiwa, "Hiyo ni stima ya Mombasa, si balbu." Waranti ya miaka miwili iliyoandikwa kwenye boksi ikaishia hapo. Kwa huduma hiyo nawapa nyota mbili, na moja wapo ni kwa sababu walinisalimia vizuri.

Kuna Ami mmoja jirani yetu, fundi wa stima wa siku nyingi. Nilimpa ile iliyokufa akaipasua pale barazani. Kile kifuniko cheupe cha balbu ni plastiki, alikibandua kwa bisibisi. Ndani mna sahani ya aluminiamu iliyopangwa vipande vidogo vya manjano kwa duara, na kimoja kilikuwa na doa jeusi katikati, dogo kama kichwa cha sindano. "Huyu ndiye marehemu," akasema. Vile vipande vimeungwa kwa mfuatano, stima inapita kwa kimoja ndipo ifike kwa mwenzake, kwa hivyo kimoja kikikatika wote wanalala giza hata kama wazima.

Halafu akavunja shingo ya balbu, mahali ilipo saketi inayobadilisha stima ya ukutani iwe ya kufaa LED. Akanionyesha kapasita, ile kopo ndogo ya silinda. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Hiki kilikuwa kimevimba. Ndani ya kapasita za aina hiyo mna majimaji, na joto ndilo linaloyakausha. Mafundi huhesabu kwamba joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita unapungua kama nusu. Sasa piga picha ya choo cha Mombasa mwezi wa Machi: hata kabla taa haijawashwa humo ndani pana nyuzi 30 na zaidi, juu yake balbu imefungiwa kwenye kioo na joto lake halina pa kutokea. Boksi linasema saa 15,000, yaani zaidi ya miaka minane ukiwasha saa tano kila usiku. Lakini pembeni ya boksi hilohilo kuna kijichoro cha taa iliyofungiwa kimepigwa mstari wa kukataza. Maandishi ni madogo hata mwenye macho mazima hayaoni.

Ya barazani ilikuwa na ugonjwa wake mwingine. Ami alizima meni swichi kwanza, akafungua holda, tukakuta pini moja imeganda chini na hairudi juu, na shaba yake imeshika kutu ya kijani. Hiyo ni chumvi ya upepo wa bahari. Pini isiposhika sawasawa, stima inaruka cheche mahali padogo, pale panapata moto, na risasi ya kitako cha balbu inayeyuka na kuwa nyeusi. Hapo balbu haina kosa lolote. Tulitia holda mpya ya kauri, kwa bei ya chini kuliko balbu yenyewe, na taa ile bado inawaka.

Kijiweni watakwambia kampuni zinatengeneza balbu zife makusudi. Si uongo mtupu. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa walikutana Geneva wakaunda muungano wa Phoebus, wakakubaliana balbu isizidi saa 1,000. Na kule Livermore, California, kuna balbu iliyoanza kuwaka mwaka 1901 na ingali inawaka, ila mwanga wake ni hafifu sana na ni nadra kuzimwa. Nyingi za zamani, uzi ukishachakaa, zilimalizikia pale pa kuwashwa: uzi wake ukiwa baridi unapitisha stima nyingi kwa mpigo, ndiyo maana zilikuwa zikikatika pale unapobonyeza swichi. Ila ya chooni kwetu haikuuawa na Geneva.

Kama zinakufa kadhaa kwa pamoja, au taa zinang'aa kupita kiasi jirani akiwasha pasi, usikimbilie dukani. Hapo huenda nyutro, ule waya wa kurudishia stima, imelegea, na badala ya volti 240 nyumba inapata nyingi zaidi. Zima meni swichi, ita fundi au watu wa stima, maana friji na televisheni ndizo zitakazofuata.

Na wenye zile za zamani za mrija uliozungushwa, enaji seva, zikivunjika msizifagie kwa haraka. Zina zebaki. Fungueni madirisha, watoto watoke, vipande viokotwe kwa karatasi ngumu.

Alama zangu: vyumba vya wazi, nyota nne. Chooni nimeacha bakuli la kioo na kutia taa bapa ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali penye unyevu. Imenigharimu mara tatu ya balbu, na nikiigusa baada ya kuwaka usiku mzima ni vuguvugu tu.