Bondia mwepesi hodari au mzito wa kawaida?

Mjadala huu hauishi miongoni mwa wapenzi wa ndondi wa Nairobi: je, Robert Wangila, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988 katika uzani wa welta, usiozidi kilo 67, angemweza bondia wa kilo 100?

Kwa kasi na ufundi, mwepesi hana mpinzani. Kwa nguvu za ngumi, mzito yuko mbele, kwani anaweza kukosea mara ishirini na bado konde moja likamtosha.

Lakini kinachosahaulika ni kukumbatiana. Mzito akikubana kwenye kamba, akulalie shingoni na kukuachia uzito wake wote, mapaja huanza kutetemeka, na kufikia raundi ya sita ile kasi uliyoitegemea imekwisha. Ndiyo maana pumzi, ambayo kwa kawaida ni hazina ya mwepesi, haiaminiki sana hapa.

Mwaka 2003 Roy Jones Jr., aliyewahi kuwa bingwa wa uzani wa kati, alimshinda kwa pointi John Ruiz aliyemzidi takriban kilo 15. Hata hivyo, Ruiz hakuwa mwepesi wa miguu. Bondia Canelo Álvarez alipopanda uzani kumkabili Dmitry Bivol mwaka 2022, alikutana na mkubwa mwenye ufundi, akashindwa.

Kwa hiyo, ikiwa pengo ni kilo 10 na mzito ni mzembe, mimi ningemchagua mwepesi. Likifika 30, ningemchagua mzito, mradi tu amefanya mazoezi.