Ukiwa katika mpango wa kulipa madeni: benki au Sacco?
Mvuvi wa Lamu aliyekubaliana na wadai wake mpango wa kulipa madeni chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 bado anahitaji mahali pa kuweka fedha. Benki ina faida ya bima ya amana, yaani kinga ya fedha za mteja benki ikianguka, hadi shilingi 500,000, na fedha zake hutoka siku yoyote. Ila isiwe benki inayomdai, kwani huweza kukata deni juu kwa juu pindi fedha zinapoingia. Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, hukopesha kwa masharti nafuu, lakini hutaka wadhamini, na akiba ya kukopea haitoki mpaka mwanachama ajitoe. Kusi ikivuma na mashua zikalala ufukweni, rejesho la mwezi halingoji, hivyo mvuvi ataihitaji benki. Mwalimu anayekatwa mshaharani huenda akafaidika zaidi na Sacco.