Uzoefu wangu na makaunsela wa wanafunzi wa kigeni kwenye chuo cha jamii, California

Kidato cha tano na sita, Tanzania, nilisoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Ukishapangiwa tahasusi, kazi ya kuchagua imekwisha: ratiba inabandikwa ukutani, kengele inalia, unaingia. Ndiyo maana Agosti 2022, kaunsela aliponigeuzia kioo cha kompyuta yake na kuniuliza nataka kusoma nini muhula huu, nilimjibu, "Chochote mtakachonipa." Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia kwamba pale hakuna wa kunipa, na kama nitakaa nikingoja nitapewa, nitangoja mpaka ada iishe.

Chuo chenyewe sitakitaja. Kiko kaskazini mwa California na kuna mahali nitakisema vibaya, na waliokosea wapo bado kazini. Kwa ambao hawajui, vyuo vya jamii ni vyuo vya umma vya miaka miwili, na California peke yake inavyo 116. Unakusanya uniti 60 (uniti ni kipimo cha uzito wa kozi), halafu unahamia chuo kikuu ukaanzie mwaka wa tatu. Mkazi wa California analipa dola 46 kwa uniti. Mimi wa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, nilikuwa nalipa zaidi ya dola 300 kwa uniti hiyohiyo, darasa hilohilo, kiti hikihiki cha plastiki. Kwa hiyo kozi moja isiyo na kazi haikupotezei muda tu. Ya uniti tatu inakula kama dola elfu moja, zaidi ya shilingi milioni mbili za baba yangu, ambaye ni wakala wa forodha Tanga na hela yake ina jasho.

Cha kwanza ambacho nilichelewa kukielewa ni kwamba msaada pale uko kwa watu wawili tofauti. Yupo DSO, ofisa wa wanafunzi wa kimataifa, ambaye ndiye mwenye I-20 yako, hati ya chuo inayobeba viza yako, na ndiye anayekuandika kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Yeye anajua viza. Halafu wapo makaunsela wa masomo, ambao wanajua kozi gani inahesabika wapi. Ofisi zao ziko majengo mawili, katikati kuna maegesho ya magari. Mimi nilianguka kwenye maegesho hayo, kwa kusema.

Muhula wa kwanza nilikuwa na uniti 12 kamili: kalkulasi uniti tano, maikroekonomiki tatu, Kiingereza tatu, na kozi ndogo ya uniti moja ya kumzoesha mwanafunzi mgeni maisha ya chuo. Kumi na mbili ndiyo kiwango cha chini kwa mtu wa F-1. Kalkulasi haikunitisha, Hisabati ya kidato cha sita si ya mchezo. Kilichonipiga ni Kiingereza. Insha yangu ya kwanza niliiandika kama tulivyofundishwa: utangulizi, kiini, hitimisho, na methali ya kufungia. Mwalimu akanirudishia na D. Pembeni mwa kila aya alikuwa ameandika maneno mawili kwa kalamu ya kijani, yaleyale mara nne, ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema "Kwa hiyo?"

Nikaona aibu. Wiki ya tatu nikaenda kwenye dirisha la makaunsela wa jumla, lile la kuingia bila miadi, dakika kumi na tano kwa kila mtu. Kijana aliyekuwepo alikuwa mwema sana. Akaniambia niache hiyo kozi kabla ya Ijumaa, hata herufi W, alama ya kozi iliyoachwa, haitaonekana kwenye transkripti, muhula ujao nitairudia nikiwa na nguvu. Ushauri mzuri kabisa, kwa Mmarekani. Hakuniuliza viza. Na mimi sikusema, kwa sababu sikujua kama inahusiana.

Jioni nikamsimulia shangazi, niliyekuwa nakaa kwake. Alikuwa anachambua mchicha jikoni. Akauacha. "Umeuliza ofisi ya viza?" Nikamwambia bado. "Basi usiguse kitu chochote kwenye hiyo kompyuta mpaka uulize." Yeye alishamwona mtoto wa rafiki yake akipoteza hadhi ya uanafunzi kwa namna hiyohiyo, mambo ya kubofya usiku.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa DSO kabla hajafungua. Akanieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara mia. Nikiacha Kiingereza nabaki na uniti tisa. Chini ya 12 bila idhini yake iliyotangulia, rekodi yangu ya SEVIS inaweza kufungwa, na kuifufua ni kuomba kurejeshwa au kutoka nchini uanze upya. Idhini ipo: mgeni anayelemewa na lugha au na namna ya ufundishaji wa Kimarekani anaweza kuruhusiwa kupunguza mzigo, mradi asishuke chini ya uniti sita. Lakini idhini inatangulia, kozi inafuata. Ukigeuza mpangilio huo, hata yeye hawezi kukusaidia. Nikauliza je, nikiziba pengo kwa kozi ya wiki nane zinazoanza katikati ya muhula? Akafungua orodha. Zilizobaki na nafasi zote zilikuwa za mtandaoni, na maikroekonomiki yangu tayari ilikuwa ya mtandaoni. F-1 anahesabiwa kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi uniti tatu, katika zile 12. Mlango huo nao ukafungwa.

Akaniambia kabla hajaandika idhini yoyote, niende kituo cha uandishi kwa wiki mbili nikaone.

Kituo hicho ndicho kitu bora kuliko vyote nilivyovikuta pale, na ni bure. Unakaa na mtu nusu saa, anasoma insha yako kwa sauti, wewe unasikiliza. Mara ya kwanza nilitamani niingie chini ya meza. Lakini ukisikia sentensi yako ikisomwa na kinywa cha mwingine, unajua palipo na ugonjwa. Nikagundua kwamba zile "Kwa hiyo?" za mwalimu hazikuwa matusi. Alikuwa anataka nimwambie mimi naona nini, na sisi tumezoea kwamba mwanafunzi hatoi maoni yake mpaka aulizwe. Kiingereza nilimaliza na B. Idhini sikuihitaji.

Kwa DSO ninatoa nyota tano. Kwa dirisha la bila miadi, nyota mbili, na hizo ni kwa ukarimu wa yule kijana.

Muhula wa pili ndipo nikapata kaunsela wangu wa kudumu, mama mmoja wa Kifilipino aliyekuwa amepewa wanafunzi wa kimataifa peke yao. Kumpata ilikuwa kazi: nafasi za miadi zinafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na saa mbili na robo hakuna kitu. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Nilishindwa. Mtu wa umri wa mama yangu nimwite jina tupu kama mwenzangu wa kijiweni? Nikawa namwita Miss na jina lake, naye akaridhika, ingawa mara ya kwanza nusura niseme shikamoo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutofautisha vitu viwili ambavyo chuo kizima kinavichanganya. Kozi inaweza kuhamishika, maana yake chuo kikuu kitaipokea uniti zake. Kuhamishika si sawa na kutumika. Nilikuwa nimeshajiandikisha kozi ya utangulizi wa biashara kwa sababu kwenye katalogi imeandikwa inahamishika. Akafungua tovuti ya Assist, ambayo inaonyesha makubaliano ya kila chuo cha jamii California na mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo, UC (University of California) na CSU (California State University), kozi kwa kozi. Akachagua chuo chetu upande huu, chuo kikuu upande ule, shahada ya uchumi, na tukatazama wote. Kozi yangu ya biashara haikuwemo kwenye masomo ya msingi, wala kwenye fani. Ingepokewa ikae tu, kama mgeni asiye na shughuli harusini. Tarehe ya kurudishiwa ada ilikuwa imepita. Zile milioni mbili nilizozisema juu si mfano wa kubuni.

Hapo ndipo ninapokilaumu chuo, maana kozi ile nilichaguliwa na dirisha lilelile, na ukurasa wa Assist ni wa umma, unafunguka hata kwa simu. Haichukui dakika tano.

Yule mama akachukua karatasi, akaigawa safu tano: mihula minne na kiangazi kimoja katikati. Kila kozi aliyoandika aliipa herufi pembeni: U kama inahitajika UC, C kama inahitajika CSU, na zote mbili kama inafungua milango yote. Nikamwambia sina haja ya C, mimi nakwenda UC Davis. Akasema sawa, akaendelea kuandika C. Kwenye muhula wa pili akaniwekea darasa la kuzungumza mbele ya watu, ambalo CSU wanalitaka na UC hawalitaki. Nilinung'unika. Uniti tatu nyingine! Akasema, "Hili ni bima."

Kisha likaja suala la lugha. Kwa mfumo wa masomo ya msingi wa wakati ule, IGETC, anayekwenda UC alitakiwa aonyeshe anajua lugha isiyo Kiingereza. Nikadhani nitalipia Kihispania. Akaniuliza shule ya msingi nilisoma kwa lugha gani. Nikamwambia Kiswahili, mpaka darasa la saba. Sekondari ndiyo Kiingereza. Macho yakamng'aa. Kanuni ilikuwa inakubali miaka miwili ya shule, kuanzia darasa la sita kwenda juu, kwa lugha isiyo Kiingereza, mradi uwe umefaulu. Darasa la sita na la saba. Miwili kamili! Mama yangu akachimbua masanduku Tanga, akapata ripoti za shule, zikapelekwa kutafsiriwa, na Kihispania kikafutwa kwenye karatasi. Sijawahi kuishukuru shule ya msingi kwa dhati kiasi kile. (Wanaoanza sasa hawatalikuta hilo: tangu muhula wa vuli wa 2025 mfumo mpya ni Cal-GETC, na sharti la lugha halimo, ila darasa la kuzungumza limeingia kwa wote.)

Septemba 2023 tukajaza TAG, ahadi ya UC kwamba mwanafunzi wa chuo cha jamii akitimiza masharti atapokelewa. Vyuo sita vya UC vinaitoa: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, UCLA na San Diego havimo. Unaruhusiwa kimoja tu, na dirisha lake ni tarehe 1 hadi 30 Septemba. Maombi ya kawaida nayo unayajaza vilevile baadaye. Ahadi bila maombi ni karatasi. Yule mama akanisukuma nijaze na CSU, dola 70 kwa kila kampasi. Nikalipa nikisaga meno.

Majibu ya Davis yakaja, nimepokelewa. Shangazi akapika pilau. Nikampigia baba, akashangilia, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu yeyote aliyeniuliza kwa mwaka mmoja na nusu: "Kiasi gani kwa mwaka?"

Nyongeza ya mgeni UC, juu ya ada ya kawaida, ni zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Hapo chumba hujalipa, bima hujalipa, chakula hujala. Baba akanyamaza. Nikasikia mtu akimwita kwa nyuma, kontena sijui limefanyaje. Akasema atanipigia. Hakupiga mpaka kesho yake, na nilijua.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa, kubwa kuliko la kozi ya biashara. Mpango wa masomo ulikuwa na safu za uniti, alama na tarehe. Safu ya fedha haikuwepo. Hata yule mama, ambaye ningempa nyota sita kama zingekuwepo, hakuwahi kuniuliza nani analipa na atalipa mpaka wapi. Nilipomwambia, alikiri kwamba hawaruhusiwi kudodosa mifuko ya watu. Naelewa. Lakini I-20 ya kwanza hutolewa baada ya kuonyesha taarifa ya benki. Mifuko yetu ilishadodoswa kabla hatujapanda ndege. Kuna ubaya gani wa kuweka kwenye karatasi ileile ada ya mwaka wa tatu?

Yule mama akaifungua ile karatasi ya safu tano, akaweka kidole kwenye herufi C. Zilikuwa zimetimia zote, pamoja na lile darasa la kuzungumza. Kampasi ya CSU nayo ilikuwa imenipokea. Nyongeza ya mgeni huko inahesabiwa kwa uniti, na kwa uniti zangu 24 za mwaka haikufika nusu ya ile ya UC. Bado ni hela nyingi. Ila ni hela ambayo baba aliweza kuisema kwa sauti.

Mei 2024 nilikwenda kumuaga. DSO alikuwa ameshaihamisha rekodi yangu ya SEVIS na I-20 mpya ilikuwa njiani. Yule mama akatoa kalamu, akaikata kozi ya mwisho kwenye karatasi, akanikabidhi niende nayo. Halafu akauliza, "Huko unakokwenda, kaunsela wako ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nikatoa simu palepale kwenye kiti chake, nikaanza kutafuta nafasi ya miadi.