Kiti cha Rais wa Baraza la Ulaya: Tathmini ya Huduma na ya Mgombea Aliyekikosa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ofisi ya Rais wa Baraza la Ulaya, yaani mwenyekiti wa vikao vya wakuu wa nchi na serikali za Umoja wa Ulaya. Ofisi hii ilianza tarehe 1 Desemba 2009, siku Mkataba wa Lisbon ulipoanza kutumika. Mimi ni Mtanzania ninayeishi na kulipa kodi Ubelgiji, na kwa hiyo maamuzi yanayopikwa katika vikao hivyo hunifikia nyumbani sawa na yanavyomfikia jirani yangu Mbelgiji. Swali ninalotaka kulijibu ni lile lililozua ubishi mkubwa kabla ofisi haijafunguliwa: je, Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, ambaye mamilioni ya watu wa bara hili walikuwa wamemchoka, alistahili kuwa wa kwanza kukalia kiti hicho? Jibu langu ni hapana, ila sababu yangu si kuchokwa kwake peke yake.

Ili mtu apime huduma, lazima kwanza ajue imekusudiwa kufanya nini. Mkataba unasema kwamba rais huyu huongoza vikao, huviandaa kwa kushirikiana na Tume ya Ulaya, yaani chombo cha utendaji cha Umoja, hutafuta maridhiano kati ya wajumbe na hutoa taarifa kwa Bunge la Ulaya baada ya kila kikao. Huchaguliwa na wakuu wenyewe kwa muda wa miaka miwili na nusu, unaoweza kurudiwa mara moja tu, na haruhusiwi kushika wadhifa wa kitaifa. Hana jeshi, hana bajeti ya kugawa, wala hana kura pale wajumbe wanapopiga kura. Mtaji wake wote ni kuaminiwa na watu waliokaa kuizunguka meza ile.

Waliomtaka Blair hawakuwa watu wa kubeza. Gordon Brown, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alimuunga mkono hadharani, Silvio Berlusconi wa Italia naye pia, na David Miliband, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alidai kwamba Ulaya inahitaji mtu ambaye akitua Washington au Beijing magari yatasimama kumpisha. Sifa za Blair zilikuwa za kweli, na ni dhuluma kuzificha. Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya tarehe 10 Aprili 1998, yaliyofungua njia ya amani Ireland ya Kaskazini, yanabeba alama za uvumilivu wake. Umoja ulipopokea wanachama kumi wapya mwaka 2004, Uingereza yake ilikuwa miongoni mwa nchi tatu tu, pamoja na Ireland na Sweden, zilizowafungulia wafanyakazi wao milango tangu siku ya kwanza. Desemba 2005 alikubali kupunguziwa sehemu ya fedha ambazo Uingereza ilikuwa ikirudishiwa katika bajeti ya Umoja, huku akijua atashambuliwa nyumbani.

Hata hivyo, hoja ya magari kusimama inaonyesha kwamba kazi yenyewe haikueleweka. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenyekiti mwenye jina kubwa kuliko kikao chake huishia kuvuta kila ngozi upande wake. Herman Van Rompuy, waziri mkuu wa Ubelgiji aliyechaguliwa tarehe 19 Novemba 2009, hakujulikana sana nje ya nchi yake, lakini alitoka katika siasa ambazo haziendi hatua moja bila Waflemi wanaosema Kiholanzi na Wawaloni wanaosema Kifaransa kukubaliana, na ujuzi huo ndio uliohitajika katika miaka ya mgogoro wa sarafu ya yuro. Donald Tusk, aliyemrithi, alikuwa na msimamo mkali zaidi, lakini mwaka 2017 viongozi 27 walimpa kipindi cha pili, na aliyempinga alikuwa mmoja tu: waziri mkuu wa Poland, nchi yake mwenyewe. Charles Michel, aliyemfuata Tusk, ndiye aliyeniridhisha kidogo kuliko wote. Mjini Ankara, Aprili 2021, alikaa kwenye kiti kilichowekwa kando ya Rais Erdoğan wa Uturuki na kumwacha Ursula von der Leyen, mkuu wa Tume, aende kwenye sofa. Tukio lile lilichukua dakika chache, lakini lilinionyesha ofisi hii inavyopungua pale mwenye nayo anapojali nafasi yake kabla ya wenzake.

Sasa niuguse uzito wenyewe, ambao ni vita vya Irak. Mwishoni mwa Januari 2003, wakati Ufaransa na Ujerumani zikipinga vita, Blair aliungana na viongozi wengine saba wa Ulaya kutia saini barua ya wazi ya kuunga mkono msimamo wa Marekani. Wenzao wa Paris na Berlin hawakuhusishwa. Robin Cook akajiuzulu katika baraza lake la mawaziri tarehe 17 Machi, na kesho yake wabunge 139 wa chama chake mwenyewe wakapiga kura kupinga vita. Ulikuwa mtihani mkubwa kuliko yote aliyowahi kupewa kuhusu kuwaweka Wazungu hao pamoja, naye alichagua upande na kuwaacha wengine. Ofisi ambayo kazi yake kubwa ni maridhiano haiwezi kukabidhiwa mtu mwenye jaribio hilo katika kumbukumbu zake, hasa kama hajawahi kusema kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa makosa.

Kuna pingamizi ambalo naliheshimu. José Manuel Barroso, akiwa waziri mkuu wa Ureno, alikuwa mwenyeji wa mkutano wa Azores wa tarehe 16 Machi 2003, ambako Rais Bush wa Marekani, Blair na Aznar wa Hispania walikutana siku chache kabla ya mashambulizi. Mwaka uliofuata alipewa uongozi wa Tume ya Ulaya, na Septemba 2009 akaongezewa kipindi cha pili. Kama Irak ilimzuia mmoja, mbona haikumzuia mwingine? Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa la waliomchagua Barroso, na kosa halihalalishi kosa la pili. Walau Barroso alipitishwa na Bunge la Ulaya, lililochaguliwa na wananchi.

Hapo ndipo kutopendwa kunapopata maana yake. Kiongozi anaweza kuchukiwa kwa sababu amefanya jambo la haki, na katika nchi yake dawa ya chuki hiyo inajulikana: uchaguzi unakuja, watu wanaamua. Blair mwenyewe alishinda mwaka 2005, baada ya Irak, ingawa viti vyake vilipungua sana. Rais wa Baraza la Ulaya hapigiwi kura na raia yeyote, wala raia hawezi kumwondoa. Kwa ofisi ya namna hiyo sauti ya watu haina mahali pengine pa kusikika isipokuwa kabla ya uteuzi, na maelfu waliotia saini kumkataa Blair tangu mwaka 2008 walitumia nafasi pekee waliyokuwa nayo. Waliosema ni kelele za mitaani hawakuwatendea haki.

Kwetu Tanzania tuna kumbukumbu ya ziada. Mwaka 2001 serikali ya Blair ilitoa kibali cha kutuuzia rada ya pauni milioni 28, licha ya upinzani wa Clare Short, waziri wake mwenyewe wa maendeleo ya kimataifa, na licha ya Benki ya Dunia kuona kwamba ni mzigo usiolingana na mahitaji yetu. Miaka baadaye kampuni iliyouza ilikiri mahakamani kwamba haikutunza hesabu za biashara hiyo ipasavyo, ikalipa pauni milioni 29.5, fedha ambazo tuliziita chenji ya rada na zikanunua vitabu na madawati ya shule. Blair huyo huyo aliongoza Tume ya Afrika iliyotoa ripoti yake mwaka 2005, ambamo Benjamin Mkapa alikuwa mjumbe, na iliyohimiza misamaha ya madeni. Mambo hayo mawili nayaweka pamoja kwa sababu yote ni yake.

Linabaki suala la wakati. Uingereza haikutumia yuro, na kazi ya kwanza nzito ya ofisi ilikuwa yuro. Tarehe 29 Januari 2010 Blair alikuwa London, akihojiwa kwa saa nyingi na tume ya uchunguzi ya Chilcot kuhusu vita vya Irak. Tarehe 11 Februari, siku 13 baadaye, Van Rompuy aliwakaribisha viongozi katika Maktaba ya Solvay mjini Brussels, na mezani palikuwa na deni la Ugiriki.