Hilux inapiga filimbi: nilichokipata kwenye gereji tatu za Mbeya

Utingo wangu ndiye aliyeusikia mwanzo. Tulikuwa tunatoka Tukuyu na mikungu ya ndizi, Isyonje tumeshaipita, akashusha kioo, akasema, "Bosi, kuna mtu anapiga filimbi chini ya bodi." Nikadhani ni upepo kwenye turubai. Nikasimama, nikalifunga upya, tukaondoka na filimbi yetu.

Ilikuwa hivi: ukifika kilomita 60 inaanza kuvuma, ukifika 80 ni wiiii ya kutia meno ganzi. Ukiachia mafuta inashuka, inabaki kama nyuki ndani ya chupa.

Gari lenyewe ni Hilux ya zamani, injini 5L, dizeli ya lita 3 isiyo na turbo. Hilo la turbo nalitaja makusudi, maana kwenye gereji ya kwanza kijana alisikiliza dakika mbili tu akatangaza turbo inakufa. Nikafungua boneti, nikamwambia anionyeshe ilipo. Alitafuta kweli, masikini.

Gereji ya pili ndiko hela ilikopotea. Walisema beringi za magurudumu ya nyuma, wakabadilisha zote mbili, 190,000 pamoja na ufundi. Natoka getini, mlio ni ule ule. Niliporudi siku ya pili, ugonjwa ulikuwa umehama: sasa ni difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ninunue nzima ya mtumba, 900,000. Nikauliza jana hiyo difu ilikuwa wapi. Wakacheka, mimi sikucheka.

Ya tatu ni ya uani, Uyole, haina hata bango. Nilielekezwa na dereva wa Fuso. Fundi ni kijana mpole, na kilichonivutia ni kwamba hakushika spana. Alisema tu, "Mzee, twende tukaizungushe."

Kabla hatujatoka alipiga lesi gari likiwa limesimama, mpaka moshi ukajaa uani. Kimya. Hapo hapo alternata, feni belti na pampu ya stelingi zikatoka kwenye kesi, maana hizo zinafuata mzunguko wa injini, hazijali kama gari linatembea. Barabarani, kwenye kipande kilichonyooka, akakimbiza 80 kwa gia ya nne, kisha ya tano kwa mwendo ule ule. Sauti haikupanda wala kushuka, kwa hiyo gia boksi nayo akaiweka kando. Akatia frii kidogo, injini ikarudi sailensa, mzunguko wake wa chini, uvumi hafifu ukabaki ukishuka pamoja na mwendo wa gari. Halafu akayumbisha stelingi kushoto na kulia, taratibu, uzito uhamie upande mmoja kisha wa pili. Beringi ya gurudumu iliyokufa huongeza kelele ikielemewa na uzito. Hakuna kilichobadilika, nami nikaikumbuka 190,000 yangu.

Tuliporudi akapiga jeki, akakalisha ekseli ya nyuma kwenye stendi, mbele akatia magogo kwenye matairi. Msaidizi akaingiza gia. Fundi akalala chini, ncha ya bisibisi ndefu kwenye pua ya difu pale propela, shafti inayotoka gia boksi, inapoingilia, mpini sikioni. Kisha akanipa mimi. Nyuma ya difu ni mlio laini. Puani ni kama mtu anasaga mchanga mkavu. Alipozima, akaniambia nipaguse. Sikuweza kuweka mkono.

"Hii sili ya pinioni ulibadilisha lini?"

Pinioni ni ile gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela. Nikamjibu, miezi miwili nyuma, kwenye gereji nyingine kabisa, ilikuwa inavuja. Akatikisa kichwa. Ndani ya pua mna bushi nyembamba inayobonyea nati ikikazwa, na kubonyea huko ndiko kunakozipa beringi mbili za pinioni mkazo wake. Aliyerudisha nati yangu aliikaza kwa spana iliyorefushwa kwa bomba mpaka ikagoma. Bushi ikishabonyea kupita kiasi hairudi. Beringi zikabanwa, zikachemka, zikaanza kulia.

Oili aliyoimwaga ilikuwa nyeusi, na kwenye tochi inameremeta kama imetiwa unga wa fedha. Rola za beringi zilikuwa na madoa kama ndui. Krauni, gia kubwa inayozungushwa na pinioni, na pinioni yenyewe, namshukuru Mungu, meno mazima.

Spea tulikwenda kununua pamoja. Muuza duka alianza na beringi za nusu bei, boksi limeandikwa vizuri kabisa. Fundi akaizungusha moja kwa kidole, akaisukuma kaunta bila kusema kitu. Tukachukua za chapa ya Koyo.

Kufunga kulichukua siku nzima, na siku hiyo ndiyo niliyoilipia kwa moyo mweupe. Alipaka meno ya krauni rangi ya njano iliyochanganywa na grisi, akazungusha, akaangalia pinioni inagusa wapi. Nafasi kati ya meno aliipima kwa saa ya kupimia (dial gauge), anataka kati ya milimita 0.13 na 0.18. Mara mbili akafungua, akaanza upya. Nati ya pinioni akaikaza kidogo, akazungusha kwa mkono kusikia uzito, akakaza tena kidogo. Mwisho oili ya gia, uzito 85W-90, daraja la GL-5, karibu lita 3.

Gharama: beringi mbili 130,000, bushi na sili 45,000, oili 36,000, ufundi 150,000. Jumla 361,000.

Yasiyopendeza yapo. Aliniambia siku moja, zikawa tatu, na ndizi za wiki hiyo nilizipakia kwenye gari la kukodi. Uani hakuna paa, mvua ya Uyole mnaijua. Siku ya pili kazi ilisimama kuanzia saa nane mchana. Risiti niliandikiwa kwenye karatasi ya daftari baada ya kuidai mara mbili. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari muda wote.

Nimetembea kilomita kama 1,500 sasa. Juma lililopita nilirudi akaifungua nati ya chini, akapitisha oili kidoleni mbele ya tochi: safi. Nikipita 95 bado nasikia kauzi kembamba ka mlio. Anasema ni meno ya zamani kwenye beringi mpya, mlio utakaa hivyo. Utingo wangu anasema hasikii kitu, ila mlango wa upande wake unagonga.