Uzoefu wangu: vipimo vya damu na daktari aliyekaa kunisomea majibu

Mwaka jana nilitibiwa taifodi mara tatu ndani ya miezi saba. Kila nilipokwenda zahanati ya jirani nikasema nachoka na moyo unaenda mbio nikipanda ngazi, nilitolewa damu ya kipimo cha taifodi kiitwacho Widal, na karatasi ikarudi imeandikwa 1:160, wakasema ni taifodi. Napewa antibayotiki ya sipro, namaliza dozi, uchovu unarudi palepale. Homa sikuwa nayo hata siku moja, na hakuna aliyeniuliza.

Mwezi wa tatu dada yangu akanipeleka kliniki nyingine hapa Mwanza. Kumuona daktari 20,000, picha kamili ya damu 15,000, feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, 35,000. Hiyo ya mwisho iliniuma, na majibu yake nilisubiri siku mbili kwa sababu sampuli hupelekwa maabara nyingine. Leo ningeilipa tena.

Daktari hakuandika kipimo chochote kabla hajaniuliza hedhi yangu inachukua siku ngapi, nabadilisha pedi mara ngapi, nakula nini, kama nalima peku. Majibu yalipotoka akageuza kompyuta tuyasome pamoja. Himoglobini, yaani kiwango cha damu, 8.6, wakati mwanamke asiye mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 12. MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, 67. Kawaida ni 80 hadi 100. Akasema chembe zikiwa ndogo hivyo anafikiria kwanza upungufu wa madini ya chuma, ila thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo huzifanya ndogo, ndiyo maana alitaka feritini aone akiba hiyo ya chuma. Ikaja 6. Feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi, kwa hiyo ikisoma vizuri inaweza kukudanganya. Ikishuka kiasi kile, chuma kimekwisha kweli. Choo kilipimwa, minyoo ya safura haikuonekana. Damu yangu ilikuwa inaondoka na hedhi ya siku nane, ambayo tangu shuleni nilidhani ni ya kawaida.

Nikamuuliza, na taifodi je? Akanieleza kwamba Widal, kipimo cha tangu 1896, hakitafuti bakteria bali kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana nao. Hizo hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, na kwetu huku ambako taifodi ipo, wengi wanazo bila kuumwa. Hata malaria inaweza kukifanya kisome chanya. Ili kuthibitisha taifodi, damu ya mgonjwa huoteshwa maabara kuona kama bakteria watakua, ikiwezekana achukuliwe kabla hajameza antibayotiki. Nilisikia uchungu sana. Dozi tatu nimekunywa, na hedhi ikaendelea kunimaliza miezi yote hiyo.

Kasoro moja lazima niiseme: majibu yanachapwa kwa Kiingereza kitupu, na kila namba iliyotoka nje ya kiwango inawekewa H (iko juu) au L (iko chini) bila maelezo. Mama mmoja kwenye benchi alikuwa anatetemeka kwa sababu ya H kwenye chembe nyeupe, akaniuliza kama ndiyo saratani. Sikuwa na la kumjibu. Nilimshika mkono tu mpaka akaitwa ndani. Wangeweka hata mistari miwili ya Kiswahili chini ya karatasi, wangeokoa watu na hofu kama ile.

Nilipewa vidonge vya chuma, nivimeze na maji ya machungwa na chai niiweke mbali navyo. Wiki ya kwanza tumbo lilisumbua na choo kikawa cheusi, lakini alishanitahadharisha. Baada ya wiki tano himoglobini ilifika 10.7, na ghorofa ya tatu ofisini napanda bila kusimama. Ikifika 12 nitaendelea na vidonge miezi mitatu zaidi ili akiba ijae. Alhamisi nina ultrasaundi, tuone kama kuna uvimbe kwenye kizazi unaoileta hedhi nzito hivi.