Risasi bandia na triga iliyokuwa inakwaruza: uzoefu wangu

Nina bastola ya milimita 9, ya chuma tupu, yenye nyundo nje. Nafanya biashara ya madini hapa Arusha, na safari za Mererani ndizo zilizonifanya niombe leseni. Ilipokuwa mpya, mvuto wa kwanza, ule unaorudisha nyundo na kuiachia, ulikuwa mzito halafu unakwaruza kama kutafuna wali wenye mchanga. Ukiikoki kwa kidole gumba, triga ilikuwa safi kabisa.

Kuna fundi alitaka kukata springi ya nyundo na kulipiga msasa lile jino linaloishika nyundo. Nikakataa. Springi ikilegea, pini inagonga kitako cha risasi kinyonge na risasi inaweza isilipuke siku unayoihitaji. Jino nalo likiliwa vibaya, bastola inaweza kufyatuka ikidondoka tu. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, siyo ya mtu wa tupa na koleo.

Badala yake niliamua kuilainisha triga kwa kuivuta mara nyingi bila risasi za kweli, nikanunua risasi bandia za alumini, nyekundu, duka la silaha. Hazina baruti, kwenye kitako kuna springi ndogo inayopokea pigo la pini. Ukifyatua chemba (pale risasi inapokaa) ikiwa tupu kila siku, kuna bastola ambazo pini huharibika.

Kabla ya yote nilifuta grisi ya kiwandani. Kitambaa kilitoka cheusi tii, na unga wa chuma unametameta. Nikatia tone la oili kwenye ekseli ya triga na jingine kwenye mkono unaoivuta nyundo, basi. Ukizidisha, vumbi la huku linageuka tope.

Jioni nafanya zoezi: magazini nje, chemba nimeikagua kwa macho na kidole, risasi za kweli zimefungiwa chumba kingine, mtutu unatazama ukuta wa mawe. Raha ya bastola za aina hii, huhitaji kukoki upya. Unavuta tena na tena. Juu ya bastola naweka sarafu ya shilingi 200, nione kama mkono unatikisika. Mwanzoni ilidondoka kila nyundo iliposhuka, sasa inatulia. Uzito uko palepale, maana springi ni ileile, ila kukwaruza kumekwisha. Nadhani nusu ya ulaini huo uko kwenye kidole changu.

Za alumini nazipa nyota nne, kwa sababu rangi inachubuka ukingoni. Za plastiki ni rahisi, lakini ukucha wa kutolea maganda uliumega ukingo wake mapema mno. Usihangaike nazo.